Namba yangu iko chini ya sinia

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nilikuwa na mikate 12 ya kumimina mezani, imeshapoa, nimeifunika kanga safi, na sikujua inakwenda nyumba gani. Mteja alinipata Instagram. Bei tulikubaliana huko huko, akasema mchana atanitumia ramani ya kwake, pesa nitaikuta mlangoni. Saa tano asubuhi hivi intaneti ikakata. Nikazima simu, nikaiwasha. Nikamtuma mwanangu akaulize kwa jirani kama na kwao imekata. Imekata. Baadaye ndipo tuliposikia kuwa nyaya za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zimepata hitilafu huko upande wa Afrika Kusini, na wala si Tanga peke yetu tuliopatwa.

Simu za kupiga zilikuwa zinalia kama kawaida. Tatizo ni kwamba namba yake sikuwa nayo. Wala jina. Kwenye akaunti alijiita kwa jina la ua, na mimi kwa uvivu nikaona ya nini kuuliza zaidi, si tunaongea hapa hapa? Mkate mmoja tukaunywea chai, iliyobaki nikaigawa mtaani mpaka majirani wakaniuliza kuna hitma ya nani. Intaneti iliporudi nikakuta ujumbe wake mmoja, wa maneno ambayo siyaandiki, halafu akaniblok.

Akaunti bado ninayo, sijasusa. Nikikumbuka naweka picha. Ila siku ile nilikaa kwenye kigoda nikajiuliza: hawa wateja wangu wa zamani, walioanza nami kabla sijamiliki hata simu ya kupangusa, walinijuaje?

Kwa walioko bara wasioujua, mkate wa kumimina ni wa mchele. Mchele unaulowesha usiku kucha, unausaga na tui zito, unatia hamira na iliki, unauacha uumuke. Ukishaumuka unatia sukari na ute wa yai, unaumimina kwenye sufuria iliyopakwa mafuta. Moto wa chini kidogo, juu ya kifuniko makaa mengi. Ukikosea moto, juu unapendeza kwa rangi na katikati mbichi. (Hilo la mbichi katikati tutalirudia, kwa masikitiko.) Hiyo ndiyo kazi yangu, pamoja na vileja na visheti, hapa Ngamiani kwenye barabara zetu za namba.

Nilivyofikiri sana siku ile, jibu lilikuwa limeegemea ukuta wa jikoni: masinia.

Mkate huu naupeleka kwenye sinia la bati, sinia langu mwenyewe. Na kila mwanamke wa pwani anajua kinachotokea kwenye vyombo vya shughuli. Vinachanganyika. Ndiyo maana kila mtu ana alama yake: huyu kafunga uzi mwekundu kwenye mpini wa upawa, yule kapaka rangi ya kucha chini ya bakuli. Mimi yangu ilikuwa rangi ya kucha, nukta tatu. Siku moja, miaka mingi nyuma, rangi ilikuwa imebaki kwenye chupa, mkono ukawa hauna kazi, nikaandika namba ya simu badala ya nukta. Nilichotaka ni sinia lirudi, basi. Wiki mbili baadaye akapiga mama mmoja nisiyemjua.

"Shikamoo," nikasema, maana sauti ilikuwa ya mtu mzima.

"Marahaba mwanangu. Mimi hunijui, na mimi sikujui. Nimeshika sinia lako hapa, naliosha. Huu mkate uliokuwa humu umeutia iliki mbichi au ya kusagwa?"

Yule mama ana watoto sita wa kike. Wote nimewapikia.

Sasa fikiri, nani anaona chini ya sinia? Si bibi harusi. Si wageni ukumbini, wao wanaona mkate na mapambo, wanapiga picha na kula. Chini ya sinia wanakuona wale walioko uani, waliokunja kanga viunoni na mabeseni mbele yao, wanasugua na huku wanasengenya pilau. Hao ndio wanaoulizwa kila kitu. Nani anapamba vizuri, nani ana maturubai yasiyovuja, mkate ule ulitoka wapi. Na leo kaosha vyombo kwa mwenzake kwa sababu mwezi ujao ni zamu yake kufanya shughuli. Mimi nilikuwa nampelekea namba yangu mikononi, na povu juu yake, bila kujua.

Rangi ya kucha haidumu. Wanaosha kwa stilwaya na majivu, ikifika shughuli ya tatu namba imebaki nusu, na mtu akipiga nusu ya namba anampata kinyozi. Nikayapeleka masinia 40 kwa fundi bati, akanigongea tarakimu moja moja kwa ncha ya msumari. Mia tano kila sinia. Kazi ya siku mbili na kelele ambazo mtaa mzima uliziimba. Hapo sasa hata wakisugua kwa mchanga, namba ipo.

Na laini sibadilishi. Nimeibiwa simu mara mbili, mara zote nimekwenda kurudisha laini ile ile siku hiyo hiyo, kabla hata ya kufikiria simu nyingine. Namba iliyogongwa kwenye bati huwezi kuifuta ukasema samahani nimehama.

Usidhani najisifu kuwa nimebuni kitu. Juzi nilikuwa nakunja kanga za marehemu bibi yangu nikasoma kwenye pindo: K.H.E., Mali ya Abdulla. Huyo ni Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara wa Mombasa, ambaye watu walimwita Abdulla. Inasemekana ndiye aliyeanzisha mtindo wa kuandika maneno kwenye kanga. Maneno ya kanga tunayasoma sana, tunayatumia kurushiana vijembe, lakini huku pembeni jina la duka lake limekuwa likitembea viunoni mwa wanawake, likafuliwa, likaanikwa, likabebea watoto mgongoni. Bibi yangu Mombasa hakufika kamwe. Lakini jina la Abdulla alilijua.

Nilishajaribu njia nyingine, nisije nikaonekana mtakatifu. Nilichapisha vipeperushi 500, vya rangi, picha ya mkate na mimi pembeni nimetabasamu kama naomba kura. Nikawapa vijana wawili wavigawe. Wiki ile ile nikanunua karanga stendi ya Kange, muuzaji akanisokotea kikaratasi, nikauona uso wangu mwenyewe umekunjwa pembetatu. Nikacheka mpaka machozi. Kwa haki niseme, kuna kijana mmoja alikuja akiwa na kikaratasi hicho chenye mafuta ya karanga, akanunua vileja vya kupeleka Korogwe. Mmoja. Bajaji yenye spika nayo nilikodi siku moja. Waliopiga wote walitaka mkate wa boflo, tena asubuhi na mapema.

Kilichonipa faida zaidi ni kazi ambayo nilikuwa naiona adhabu: kuyafuata masinia. Zamani nilimtuma mtoto. Sasa naenda mwenyewe, siku ya tatu baada ya shughuli, alasiri, wakati mwenye nyumba ameshapumzika na anatamani mtu wa kumsimulia. Unakaribishwa. Unakaa. Unaambiwa nani alikuja, nani hakuja, nani alichangia hela kidogo akala sahani tatu. Humo katikati ya maneno ndimo zilimo oda: "Shangazi yake bwana harusi kauliza habari zako." Naandika kwenye daftari nikifika nyumbani, si mbele yao, isionekane nimekuja kufanya sensa. Daftari lina tarehe, jina, shughuli gani, idadi, na safu ya mwisho ambayo ndiyo naipenda kuliko zote: kaletwa na nani. Safu hiyo imejaa neno "sinia", na chini yake "mpishi".

Mpishi ni mzee wetu wa pilau. Shughuli kubwa za huku pilau inapikwa na wanaume, na yeye ndiye anayeitwa kwanza, kabla hata kadi hazijachapishwa, maana yeye akiwa hana nafasi tarehe inabadilishwa. Nilimfuata nikamwambia mzee wangu, kila mteja utakayeniletea nitakupa chako. Akaniangalia kama nimemtukana.

"Mwanangu, nikikupigia debe kwa pesa, siku mkate ukiwa mbichi na mimi nitaitwa mwongo. Niletee mkate nyumbani nile, nikiupenda nitasema."

Kwa hiyo kila mwezi napeleka mkate mmoja kwake. Akikuta kasoro anaisema mbele ya mkewe na wajukuu. Hakuna fundi mapishi aliyenifundisha kama huyu mzee, na bado nashindwa kuamua kama ule mkate wa kila mwezi niuweke kwenye gharama za matangazo au ada ya shule.

Masinia hupotea, ndiyo. Katika yale 40 yamebaki 31. Moja najua lilipo, nimeliona kwa macho yangu linaanikiwa dagaa, nikanyamaza. Kila anayepita pale anasoma namba.

Sasa lile la mbichi.

Ramadhani sitangazi chochote. Nina majiko manne, na mikono ni yangu na ya binti wa dada yangu. Nikijitahidi sana natoa mikate 30 kwa siku. Mwaka juzi, siku ya kuamkia Idi, nilipokea oda 45. Kila aliyepiga alinikuta nasema "ndiyo, ipo, usijali". Nilijiona nimefika. Usiku wa saa nane nilikuwa naepua mkate kabla haujaiva ili jiko lipate nafasi ya mwingine. Juu rangi nzuri kabisa.

Asubuhi ya Idi, watu wametoka kuswali, wamevaa, wamekaa na wageni wao, wanakata mkate. Nyumba sita. Simu ya kwanza ililia saa mbili unusu.

Nilichojifunza siku ile hakuna aliyeniambia kabla. Njia iliyokuletea wateja ndiyo njia hiyo hiyo inayopitisha aibu yako, tena aibu inakwenda kwa bajaji. Ukikosea mtandaoni unaweza kufuta picha, ukazuia maoni, ukabadilisha jina la ukurasa ukaanza upya. Mimi namba yangu imegongwa kwenye bati, na masinia sita yalikuwa kwenye nyumba sita zenye wageni. Waliolishika sinia siku ile waliisoma vile vile.

Nilifunga kazi siku mbili. Sikumpikia mteja hata mmoja wa kulipa. Nikapika mikate sita polepole, mmoja mmoja, nikaichoma kijiti katikati kama mwanafunzi, nikaenda nyumba kwa nyumba kwa miguu. Sikupeleka maelezo marefu ya majiko na mikono. Nilisema, "Mama, niliepua mapema kwa tamaa. Huu ni wa leo." Watano walipokea. Mmoja akacheka, akaniambia wageni wake walidhani ni uji wa mtindo mpya. Wa sita, mteja wangu kwa miaka minane, alikuja mlangoni, akasikiliza mpaka mwisho, akasema ahsante, akafunga mlango. Mkate nikarudi nao. Sinia langu la Idi lilibaki kwake, na sikuwa na uso wa kulifuata.

Tangu hapo ukurasa wa mwisho wa daftari nimepiga mistari 30 kwa kila siku ya shughuli. Mistari ikijaa, namwambia mteja siku hiyo nimejaa, na nampa namba ya mama mwenzangu wa Makorora anayepika vizuri. Mwanzoni nilidhani nawapoteza. Naye akijaa ananiletea wake. Hatujawahi kuandikiana chochote.

Mwezi uliopita, Jumanne, mtoto alibisha hodi na sinia kichwani. Nilipolipindua nikaona namba yangu. Lilikuwa lile la nyumba ya sita. Juu yake machungwa saba ya Muheza, yamepangwa vizuri, kitambaa juu.

"Nani kakutuma?"

"Bibi."

"Kasema nini?"

"Kasema nikupe."

Chombo cha mtu hakirudi kitupu, hilo alilelewa nalo kama nilivyolelewa mimi, kwa hiyo sijui machungwa yale ni maneno au ni adabu tu. Mzee wa pilau ananiambia mjukuu wa bibi huyo anaolewa Mfungo Sita, na tarehe ameshapewa. Nimeiacha siku hiyo na mistari mitupu kumi na mitano. Simu haijalia bado.