Picha Iliyopita Mkononi Mwangu

Picha yenyewe ilipigwa kwa nyuma. Msichana amesimama kituo cha daladala, Mabanda ya Papa, mkoba begani, na sketi ya kijivu ya shule yetu ina doa la damu. Uso hauonekani, lakini sisi tuliosoma naye hatukuhitaji uso. Mimi hasa. Tulikaa dawati moja tangu Kidato cha Kwanza, na ule mkoba wenye zipu iliyoshonewa uzi mwekundu nilikuwa nauona kila siku.

Ilikuwa Agosti 2017, jijini Tanga, nasoma Kidato cha Tatu katika shule ya kutwa. Ilinifikia saa moja na nusu usiku kwenye simu ya mama, maana ndiyo simu pekee ya nyumbani iliyokuwa na WhatsApp na kundi la darasa lilikuwa humo. Chini ya picha palikuwa na maneno ambayo siyarudii. Wenzangu walikwisha kucheka. Nikaogopa nikinyamaza wataniuliza kama na mimi ni mwenzake. Nikaituma kwenye kundi la vijana wa mtaani kwetu, Makorora, nikatia na emoji tatu za kicheko. Haikuchukua hata muda wa kumenya kitunguu.

Kitufe cha kufuta ujumbe kwa wote kilikuwa bado. WhatsApp ilikileta mwishoni mwa mwaka ule. Hata ile alama ya kuonyesha kwamba ujumbe umetoka kwa mtu mwingine ilikuja 2018. Kwa hiyo kila aliyeipokea kutoka kwangu aliweza kudhani imeanzia kwangu, na nilipoingiwa na majuto saa tatu usiku sikuwa na namna ya kuirudisha.

Asubuhi mama aliikuta kwenye picha zake, kwani simu yake ilikuwa ikihifadhi yenyewe kila kilichoingia. Sikupigwa. Aliitazama kitambo, akaniuliza, "Pale kituoni palikuwa na watu wangapi?"

Nikamwambia sijui, pengine ishirini.

"Na hakuna hata mmoja aliyevua kanga yake akamfunga mtoto wa watu?"

Shuleni mambo yaliharibika zaidi. Mkuu wa shule alikuwa ameshapata habari. Akasimama mstarini akasema amesikitishwa na picha inayolichafua jina la shule, akawataka wasichana wazingatie usafi, kisha akatangaza kuwa atakayekamatwa na simu atarudishwa nyumbani. Simu zilikuwa marufuku tangu zamani. Picha haikupigwa ndani ya uzio wala haikutumwa kutoka ndani ya uzio, na marufuku ile haikuizuia hata kidogo. Naamini alidhani anatulinda. Lakini waliokuwa hawajaiona waliitafuta siku hiyohiyo, na mwenzangu alikuwa mstari wa mbele yangu, shingo imekakamaa, akimsikiliza mwanamume mtu mzima akizungumzia damu yake mbele ya shule nzima. Kesho yake hakuja. Wala kesho kutwa.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ilikuwa na miaka miwili wakati huo. Kifungu cha 23 kinakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumuumiza moyo. Darasani sikuwahi kuisikia ikitajwa. Tulijua adhabu ya kuchelewa namba na ya kutochomekea shati, lakini ya kumfanyia mtu hivi hatukujua hata kama ipo.

Aliyelishika jambo lile ni mwalimu wetu wa Baiolojia, ambaye pia alikuwa mwalimu wa malezi. Siku ya nne aliingia na karatasi zilizokatwa nusu. Akasema tusiandike majina. Tuandike picha ilitufikia saa ngapi, na sisi tuliipeleka wapi. Akazikusanya, akaanza kuchora ubaoni kama alivyotuchorea siku za nyuma jinsi kipindupindu kinavyotoka kisima kimoja kikaingia nyumba ya kumi. Darasani tulikuwa 46. Tulioisambaza tulikuwa 31. Mishale ilijaa hadi akakosa pa kuchora. Kwenye karatasi palikuwa na swali la mwisho: umempigia au kumwandikia mwenyewe kumjulia hali? Akaandika sifuri, akaweka chaki chini, akakaa.

Aliyeipiga picha hakutafutwa mbele yetu. Hilo alilimaliza pembeni na mzazi wa kijana. Sisi alitupa kazi: kila mmoja arudi alikoipeleka, aombe ifutwe, na aandike kwa maneno yake kwamba amekosa. Kwenye kona ya ubao akaandika 116, namba ya bure ya huduma ya simu kwa mtoto, akakataza isifutwe. Wiki iliyofuata droo yake ilikuwa na pedi, sketi mbili za akiba na kanga, na msichana hakulazimika kueleza kilichompeleka. Mimi namheshimu zaidi kwa jambo jingine. Alikwenda nyumbani kwa mwenzangu akamuuliza anataka kifanyike nini. Hakwenda kumwambia, alikwenda kumuuliza. Mwenzangu akaomba kimoja tu, mstarini jambo lile lisitajwe tena. Mwalimu akalifikisha kwa mkuu, na halikutajwa tena.

Jumamosi mama akanichukua kwenda nyumbani kwa mwenzangu, Ngamiani. Njiani hakusema neno. Tulipiga hodi, nikaamkia, tukakaribishwa mkekani, chai ikaletwa. Mama akaanza yeye kuomba radhi, kwa kuwa namba ni yake. Kisha akanyamaza ili niseme mimi. Nikasema ndiye niliyeipeleka kundi la mtaa.

"Najua," akasema mwenzangu. "Mtoto wa mjomba yumo humo. Alinionyesha namba ya mama'ako."

Mkoba ulikuwa miguuni pake. Akawa anauzungusha ule uzi mwekundu kidoleni. Halafu akauliza, "Vile vicheko vitatu, ulivikuta au ulivitia wewe?"

Mama zetu wote wawili walitua vikombe. Ningeweza kusema nilivikuta, na pale mkekani hapakuwa na wa kunibishia.

"Nilivitia mimi."

Akatikisa kichwa taratibu, akaenda ndani.

Jumatatu alirudi shule. Akahamia dawati la mbele, na hapo ndipo alipokaa hadi tulipofanya mtihani wa Kidato cha Nne.