Siku moja maishani mwangu: fundi na gari yenye kwikwi

Saa 1 na robo asubuhi. Sijafungua hata mlango wa gereji, gari ishanisubiri, na kabla sijaiangalia nishaisikia. Sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda inashuka, pu pu pu, kimya kidogo, pu, kama mtu mwenye kwikwi. Dada mwenye gari anashusha kioo, simu aliyoibandika kwenye dashibodi inacheza yenyewe kwa mtetemo, ananiambia fundi mi nishachoka na hii kitu. Kainunua mkononi kwa mtu, muuzaji akamwambia inatetemeka sababu ya plagi tu, akaenda kwa fundi wa kwanza wakabadilisha plagi zote 4, bado, wakabadilisha koili, bado, wakaosha nozeli, bado. Yaani vitu vimebadilishwa ila hakuna aliyepima chochote.

Nikamuuliza taa ya cheki injini inawaka tu au inawaka na kuzima? Akasema akipanda mlima inawaka na kuzima. Hapo nikamwambia gari aiache, asiondoke nayo. Ikifanya hivyo maana yake inamisi vibaya, yaani silinda zinakosa kuwaka, mafuta ambayo hayajaungua yanaenda kwenye eksozi kuunguza masega ya kusafisha moshi, na masega yakiyeyuka tutakuwa tunaongelea hesabu nyingine kabisa.

Saa 2. Nachomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari pale chini ya usukani. Kodi mbili za hitilafu, P0300 na P0171. Ya kwanza inasema injini inamisi lakini haimtaji mhusika mmoja (ikiwa silinda moja tu utaona P0301, P0302, namba ya mwisho ndo silinda yenyewe). Ya pili inasema mchanganyiko ni mwepesi, hewa nyingi mafuta kidogo. Dogo ninayemfundisha kazi kafika na kidole chake kinaelekea kwenye kitufe cha kufuta, nikamdaka mkono. Kodi ilipoingia kompyuta ilipiga kama picha ya dakika ile, injini ilikuwa na joto gani, inazunguka ngapi, ina mzigo kiasi gani. Ukifuta umechoma ushahidi halafu unabaki kubahatisha kama wenzako. Ile picha ilisema injini ya moto, mizunguko 700 kwa dakika, yaani gari imesimama tu.

Saa 3. Hapa ndo penye utamu wa kazi, na ndo pale watu wengi wanaparuka. Kompyuta ya gari ina tabia ya kujirekebisha, ikiona mchanganyiko mwepesi inaongeza mafuta, na mashine inakuonyesha imeongeza asilimia ngapi. Mi nikiona chini ya 10 sina presha. Hii ilikuwa inaongeza 23 ikiwa sailensa. Nikamwambia dogo kanyaga mpaka 2500 ushikilie hapo, tukasubiri, ikashuka mpaka 6. Hiyo tu ilinitosha kujua kuna mahali inavuta hewa ya wizi. Kwenye sailensa troto (mlango wa hewa) imekaribia kufungwa, injini inanyonya kwa nguvu, kwa hiyo hewa inayopenya pembeni ni fungu kubwa la chakula chake, ila ukikanyaga hewa halali inakuwa nyingi, ile ya wizi inamezwa humo humo. Ingekuwa pampu ya mafuta imechoka au filta imeziba mambo yangekuwa kinyume, ingezidi kulia njaa kadri unavyokanyaga.

Saa 4 mpaka saa 5 natafuta tundu. Wapo wanaopuliza dawa ya kusafishia kabureta kuzunguka manifoldi (bomba linalogawa hewa kwenye silinda) wanasikiliza mlio ukibadilika, inafanya kazi ila eksozi ikiwa ya moto unaweza kuwasha moto kweli kweli, mi siipendi. Nina kipande cha mpira mrefu kama mita moja, ncha moja sikioni, nyingine naitembeza kwenye kila kiungo kama daktari. Gaskiti ya manifoldi, kimya. Mpira wa buster ya breki, kimya. Nikazunguka nyuma ya manifoldi kule mkono unaingia kwa shida, ssssss. Ule mpira unaorudisha mvuke wa oili kwenye manifoldi, kwa juu mzima kabisa, chini pale unapokunja kona umelainika kwa oili na kupasuka. Nikaubana na plaizi, sailensa ikatulia palepale. Dogo akacheka kama kaona mazingaombwe.

Saa 6 mpira mpya umeingia na klampu mpya. Nikampigia dada nikamwambia tumeshika mwizi. Nilikosea, ningesubiri.

Saa 7 tukapumzika, hakuna cha kusimulia.

Saa 8. Nafuta kodi sasa, nawasha, asilimia zinashuka vizuri mpaka 5, sailensa nzuri, halafu injini ikipata moto kamili... pu. Kimya. Pu. Ikarudi kodi P0303. Nikarudi kwenye picha za skrini ya mashine nilizopiga asubuhi nikaangalia hesabu ya kumisi kwa kila silinda, kumbe namba 3 ilikuwa inaongoza tangu mwanzo na mi nikaipita, nishanogewa na habari za hewa. Magonjwa yalikuwa mawili, mmoja umejificha nyuma ya mwenzake.

Nikahamisha koili ya 3 kwenda 2, ya 2 nikaileta 3. Kumisi hakukuhama, basi koili haina kosa. Nikafungua plagi ya 3. Kwanza kisima chake (tundu inamokaa) kina oili, mpira wa tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, umekufa. Nikafyonza oili yote kabla sijazungusha spana, maana ukifungua hivyo hivyo inamwagikia ndani ya silinda. Halafu plagi yenyewe, mpya kabisa inang'aa, ina kamstari keusi kembamba kwenye ile kauri nyeupe. Imepasuka. Inawezekana ilianguka chini kabla ya kufungwa au spana ilikaa upande, cheche badala ya kuruka kwenye ncha inapita pembeni. Neno mpya lilimdanganya kila mtu nikiwemo mimi.

Saa 9. Kwa kuwa plagi ziko nje nikapima kompresheni (nguvu ya kila silinda kubana hewa), nisije nikamrudishia gari halafu shida ikawa valvu. 172, 175, 168, 170. Zote zinafanana, na kufanana ndo naangalia zaidi kuliko ukubwa wa namba. Injini nzima.

Saa 10 gaskiti ya tapeti kava na mipira ya visima, plagi nyingine 4. Dogo alizianzisha zote kwa mkono kwa kutumia kipande cha mpira, zikiingia vibaya mpira unateleza tu na uzi wa aluminiamu unapona.

Saa 11 nikaizungusha dakika 25, mlima, foleni, mlima tena. Hesabu ya kumisi sifuri kwenye silinda zote, asilimia 2.

Saa 12 jioni dada kaja. Nikaiwasha nikaiacha inanguruma taratibu, nikaenda kunawa mikono yenye oili. Yeye akaingia, akakaa, akasikiliza, simu yake imetulia kwenye dashibodi, akashika ufunguo akapiga stata. KRRRRR! Nikaruka na sabuni mkononi.

"Dada, inawaka hiyo!"

"Fundi nisamehe, nilidhani imezima."