Kipande cha babu na daftari langu

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii nilikuwa nimeandaa somo la shukrani ila tangu Jumanne sina amani moyoni kwahiyo mnivumilie.

Jumanne jioni tulikuwa tumejikusanya jikoni, baridi ya Uyole mwezi wa saba mnaijua, nikawa nawasimulia watoto habari za babu yangu mzaa mama. Babu alitoka Njombe miaka ya 50 akaenda Tanga kukata mkonge, wale walioitwa manamba, unaenda huko unakuwa namba, jina lako unaliacha kwenu. Silabu, lile shirika la kuandikisha vibarua wa mkonge, lilikuwa linachukua vijana wetu huku Nyanda za Juu. Ukifika unapewa kipande, kadi ya siku 30 za kazi, na unatakiwa uijaze ndani ya siku 42. Kilichomuuma babu mpaka anafariki sio miiba ya mkonge wala malaria, ni kwamba usipomaliza ngwe yako, ile kazi uliyopimiwa ya siku, hata ibaki kidogo tu, nyapara, yaani msimamizi wa vibarua, hakuwekei alama. Umepigwa na jua kutwa nzima, siku haihesabiwi. Na huyo nyapara alikuwa kijana wa kwao, wanaongea nae Kibena.

Nikasimulia kwa uchungu kweli, nikasema wale watu hawakuwa na utu. Mwanangu wa darasa la nne akaniuliza, mama, kama wewe unavyomkata dada hela za vikombe?

Wapendwa nilinyamaza. Dada wetu wa kazi alikuwa pale pale anaosha vyombo, hakugeuka.

Maana ni kweli daftari ninalo. Kikombe kimevunjika naandika, shati limeungua pasi naandika, mwisho wa mwezi napunguza na kinachobaki namwambia nakutunzia, utachukua ukienda kwenu Kilolo. Anaamka saa kumi na moja kuwasha mkaa, analala sisi tumeshalala, Jumapili tukienda ibadani anabaki kupika ili tukirudi tukute chakula mezani. Na mimi ni kiongozi wa akina mama.

Usiku nikafungua Kutoka 5. Nimeisoma mara ngapi sijui, siku zote macho yangu kwa Farao. Safari hii nikakwama kwenye neno wanyapara, lipo kwenye Biblia yetu, na mstari wa 14 wanyapara wale ni wana wa Israeli wenyewe. Yakobo 5:4 na Walawi 19:13, zile za kutozuia ujira wa mfanyakazi, mnazijua. Ila Kumbukumbu la Torati 5:14 naomba muifungue leo leo, pale Bwana anataja kwanini ameweka sabato, mtumishi wako na mjakazi wako wapumzike kama wewe. Kama wewe jamani!

Akina mama tuache hii tabia, na akina baba wenye maduka na mashine za kusaga pia nasema na nyie. Yule binti ana mama yake kijijini anamwombea kama unavyowaombea wa kwako walioko chuo. Tunafunga siku tatu tukimwomba Mungu afungue milango huku mshahara wa mtoto wa mtu tumeufungia kabatini. Tunasema huyu ni kama mwanangu, mwanao unamkata vikombe? Hata sheria ya kazi ya 2004 imetoa saa 24 za mapumziko kila wiki, sasa sisi tuliookoka tuzidiwe huruma na sheria ya serikali? Na usiniambie wa kwako halalamiki. Babu hakulalamika mbele ya nyapara, alilalamika miaka 40 baadae akitusimulia sisi wajukuu.

Jumatano nikampigia hesabu mbele ya mume wangu, miezi saba, na hela zote za vikombe nikazirudisha. Nikamwomba msamaha. Akalia, akasema, mama mimi nilishajua hutanipa. Hilo neno linanichoma mpaka naandika hapa. Sijamaliza, nimebakiza za miezi miwili, mniombee nisije nikarudi nyuma.

Kesho Jumapili tunaenda wote, chakula nitapika mimi tukirudi hata kama tutakula saa kumi. Ameniuliza kama anaweza kujiunga na kwaya ya vijana, anasema kwao alikuwa anaimba sauti ya pili. Nakaa nae mwaka na nusu, sikuwahi kujua kama anaimba.