Saa 13 kutoka Narita hadi Helsinki

Tiketi ilisema ndege inaondoka Narita, uwanja wa ndege wa Tokyo, saa tano usiku na kufika Helsinki saa kumi na moja alfajiri. Nikahesabu vidoleni: saa sita tu! Nikajiona mjanja kweli, hadi nilipokumbuka kwamba majira ya baridi Tokyo iko mbele ya Helsinki kwa saa saba.

Nikakimbilia kikokotoo cha umbali mtandaoni. Kilomita 7,800 hivi, kikasema, safari ya saa tisa na nusu. Hicho nikakiamini, nikapanga kulala kwa muda wa saa nane nzima.

Kumbe vikokotoo hivi hupima mstari mfupi kuliko yote juu ya tufe, hugawanya kwa mwendo wa ndege, kama kilomita 850 kwa saa, halafu huongeza dakika chache za kupaa na kutua. Habari za mipaka havina. Mstari wa Tokyo hadi Helsinki karibu wote unapita juu ya Urusi, na tangu 2022 anga ya Urusi imefungwa kwa mashirika ya ndege ya Umoja wa Ulaya.

Kwa hiyo rubani alipotangaza saa 13, niliyeshtuka kwenye safu yetu ni mimi peke yangu. Kwenye skrini kindege chetu kilielekea kaskazini-mashariki juu ya Pasifiki, kikiipa Ulaya mgongo. Usingizi ukanipaa. Nikaanza kupima njia kwa vipande: Narita hadi Mlango wa Bering, ule mkondo wa bahari kati ya Urusi na Alaska, kama kilomita 4,700; Bering hadi Ncha ya Kaskazini, 2,700. Kutoka nchani hadi Helsinki hesabu ni nyepesi, maana ni nyuzi 30 za latitudo na kila uzi una kilomita 111: 3,300. Jumla inakaribia 10,700, yaani karibu kilomita 3,000 za kuzunguka tu.

Karibu na Bering nilichungulia dirishani, upande wa kulia nyuma ya bawa, nikaona mstari mwembamba mwekundu. Tuliondoka Jumanne usiku, tukavuka mstari wa tarehe kwenda mashariki, ambako kalenda hurudi nyuma siku moja, na kule chini ilikuwa bado Jumanne asubuhi. Alfajiri ileile niliyoiona Tokyo nikiwa nafunga mizigo! Haikufika popote. Tulivyozidi kwenda kaskazini ilififia, ikazimika, giza likarudi. Desemba jua halifiki nchani.

Tulipovuka ncha wengi walikuwa wanakoroma. Mhudumu alinipa cheti kidogo cha kuthibitisha kwamba nimepita pale, nikakitia ndani ya pasipoti kisipate mikunjo. (Ndiyo, mtu mzima mimi.)

Tulitua Helsinki kumi na moja alfajiri kweli, giza totoro, Jumatano. Saa yangu ya mkononi, ambayo sikuwa nimeigusa, ilionyesha saa sita mchana, na tumbo lilikuwa upande wake.