Kipupwe kile bastola mpya zilipogoma

Zilikuja tatu, kila moja ndani ya kisanduku chake cheusi, na vijana walipozishika wakaangua kicheko. "Afande, hizi si zile za sikukuu?" akauliza mmoja, akikusudia bastola za fataki wanazonunuliwa watoto Idd. Sikumlaumu. Makarov tuliyokuwa tukiitumia ni chuma juu mpaka chini, gramu 730 na magazini tupu. Hii mpya, Glock 19, fremu yake ni ya plastiki, na pamoja na magazini tupu haifiki gramu 700. Tofauti ni ndogo kwenye mizani, lakini uzito wote umekaa juu, kwenye slaidi, kile chuma kinachorudi nyuma kila risasi ikilia, na mkono uliozoea chuma unahisi kama kuna kitu kimesahauliwa ndani ya kitako.

Ilikuwa Julai 2019, Pemba, kipupwe kimekaza. Nilikuwa mtunza bohari ya silaha ya kikosi chetu na amri ilikuwa fupi: zijaribiwe juma moja, ripoti iandikwe. Bohari yenyewe ilikuwa imetiwa kiyoyozi mwaka ule ule, baada ya miaka mingi ya kufuta kutu kila Jumamosi, na tulikiweka nyuzi 18 usiku na mchana kama watu waliopata neema kwa kuchelewa.

Siku mbili za mwanzo hatukupiga hata risasi moja. Tulizifungua na kuzifunga tu. Unatoa magazini kwanza, kisha unavuta slaidi na kutazama chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kulia, halafu unatia na kidole, kwa sababu jicho hudanganyika penye giza. Unaielekeza kwenye ndoo ya mchanga na kuvuta kifyatulio mpaka kilie. Baada ya hapo slaidi inarudishwa nyuma milimita tatu hivi, si zaidi, na vile vichuguu viwili vya kufuli vilivyo ubavuni, kushoto na kulia, vinashushwa kwa pamoja. Slaidi inasukumwa mbele na kutoka. Ukiivuta nyuma mno kifyatulio kinarudi mahali pake na unaanza upya, jambo lililowapata wote, nami nikiwemo. Ndani kuna mtutu wa milimita 102 na springi pacha juu ya kijiti chake. Hakuna kingine cha kuchomoa kwa usafi wa kila siku.

Ndoo ya mchanga si pambo. Makarov inafunguliwa kwa kushusha kile kizuizi kinachozunguka kifyatulio, huna haja ya kufyatua. Hii inakutaka ufyatue kwanza, na mwenye haraka aliyesahau risasi moja kwenye chemba atatoboa meza, kama si mtu.

Kitu cha pili kilichonikosesha usingizi ni kwamba haina kitasa cha usalama cha kugeuza kwa kidole gumba. Usalama wake uko ndani, wa aina tatu: kiulimi kilicho katikati ya kifyatulio, kizuizi cha pini ya kupigia, na kingine kinachoizuia isilipuke ikianguka. Zote tatu zinaachia kifyatulio kikivutwa, na hazijui ni kidole kilichovuta au ni ngozi ya mkoba. Mikoba yetu ya Makarov ilikuwa ya ngozi kongwe, laini, mdomo wake umejikunja ndani. Niliizuia yote papo hapo. Bastola ya namna hii inataka mkoba mgumu unaofunika kifyatulio chote, na kidole kikae ubavuni mwa fremu mpaka shabaha ionekane.

Risasi pia zilitaka mpangilio. Kwenye rafu zetu makasha yaliandikwa "9 mm" tu, kwani kwa miaka hiyo yote 9 mm ilikuwa moja. Sasa zimekuwa mbili, ya Makarov yenye ganda la milimita 18 na hii ya milimita 19, na hazikopeshani. Ya Makarov ina kichwa kinene zaidi, milimita 9.27 kwa 9.01. Nilipaka utepe mwekundu makasha ya zamani, nikayahamishia ukuta wa pili.

Siku ya tatu tukaenda kupiga, upande wa Vitongoji, penye machimbo ya mawe yaliyoachwa. Mtu asiyepajua atadhani ukuta wa mawe ndio kinga nzuri. Jiwe la pwani linarudisha vipande vya risasi kwa mpigaji, kwa hiyo tulikuwa tumejaza udongo kwenye magunia na kuyapanga safu mbili nyuma ya shabaha. Tulifika saa moja na nusu, umande bado kwenye majani.

Kujaza magazini peke yake kulikuwa kazi. Inachukua risasi 15, karibu mara mbili ya Makarov inayochukua 8, lakini springi mpya ni ngumu na zile mbili za mwisho zinachubua kidole gumba. Kisandukuni mna kijaliza cha plastiki, nacho si cha kudharauliwa. Tena magazini iliyojaa, slaidi ikiwa imefungwa, haikai mpaka uipige kwa kiganja. Kijana mmoja aliisukuma kwa adabu, akainua bastola, magazini ikaanguka mchangani.

Kisha, bastola ya kwanza, risasi ya kwanza: tik.

Amri yangu kwa risasi isiyolia ni moja: mtutu ubaki kwenye shabaha, hesabu mpaka 30, ndipo uitoe, kwani baruti huweza kuchelewa. Tukahesabu, tukaitoa, akavuta nyingine. Tik. Ya tatu ikalia. Ya nne tik. Na hapa Makarov ingekuwa na huruma zaidi: nyundo yake unaipandisha upya kwa kuvuta kifyatulio tena, fataki ile ile, kile kidonge cha kitako cha risasi kinachowasha baruti, inapigwa mara ya pili. Glock haikupi nafasi hiyo. Kifyatulio kinabaki nyuma kimelegea, mpaka ukoki tena na kuitupa risasi chini.

Nikaokota zile zilizogoma nikazitazama vitako. Zote zilikuwa na kijishimo kwenye fataki, chembamba, kama alama ya ukucha. Kwa hiyo pini ilikuwa ikifika, lakini bila nguvu. Mtu wa kwanza kulaumiwa siku zote ni risasi. Nikazitia zile zile kwenye bastola ya pili, zikalia zote bila kusita. Risasi zimeachiwa huru. Labda slaidi haifungi mpaka mwisho, maana hapo pia pini hupoteza nguvu? Nikaisukuma kwa kidole kila baada ya kukoki: imefunga sawasawa. Tukajaribu ya tatu, nayo ikagoma kama ya kwanza. Mbili wagonjwa, moja mzima, zimetoka kiwanda kimoja na shehena moja. Nilikaa juu ya gunia nikiwa sina jibu.

Kufika saa nne jua limeshachoma, nikamwambia yule kijana ajaribu tena ile ya kwanza. Ikalia 15 mfululizo. Ya tatu vilevile. Hapo ndipo nilipotishika hasa, kwa sababu silaha inayojitibu yenyewe ndiyo usiyoweza kumkabidhi mtu. Nitaandika nini kwenye ripoti, kwamba inafanya kazi kuanzia saa nne?

Muda uliobaki vijana walipiga, na nilipata la kuandika. Teke lake ni jepesi kuliko la Makarov ingawa risasi yake ina nguvu zaidi. Makarov mtutu wake umegandamana na fremu na slaidi inarudi kwa mpigo mmoja mkavu. Hii mtutu na slaidi hurudi pamoja kidogo, kisha mtutu unainama na kuachana nayo, na mpigo unapungua njiani. Shabaha za mita 7 zote ziliingia. Mita 15 wengi wa mkono wa kulia walipiga chini kushoto. Hilo si la bastola: kifyatulio kinataka kama kilo mbili na nusu, na asiyekivuta polepole anakinyakua, mdomo wa mtutu unainama kabla risasi haijatoka.

Jioni, mlango wa bohari umefungwa, nikaifungua ile ya kwanza zaidi ya usafi wa kawaida. Kwa kijisumari cha milimita 2.5 unabonyeza kola ya plastiki iliyozunguka pini ya kupigia, kibati cha nyuma ya slaidi kinateleza chini, na pini inatoka na springi yake. Ilikuwa imerudi kwenye baridi tangu adhuhuri. Pini haikutoka kwa wepesi. Ilikuja imevaa utando mweupe, mzito kama samli ya asubuhi, na kabla sijaikaribisha machoni harufu ikanifikia. Nilimfahamu mwenye mkono bila kuuliza, kwa kuwa chupa yake ilikaa dirishani siku zote.

Koplo wetu, mtu wa Micheweni, mwangalifu kuliko mimi, alikuja akasimama wima. "N'liyatia mie, afande. N'liziona zimekauka mno, na chumvi hii."

"Ulitia wapi?"

"Kila penye tundu."

Kila mama wa Pemba anajua kwamba mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Kipupwe chupa huanikwa juani kwanza, ndipo mtu akajipaka. Miaka yote Koplo alikuwa akipangusia Makarov mafuta yale kwa kitambaa, kwa nje tu, hayakumdhuru mtu. Safari hii alikuta ndani ya slaidi grisi ya rangi ya shaba, akadhani ni uchafu wa kiwandani, akaifuta yote. Grisi ile hutiwa makusudi na mtengenezaji anataka iachwe. Ilipotoka chuma kikaonekana kikavu, naye akakihurumia. Ile ya pili ilisalimika kwa sababu siku zile zote ilikuwa mezani kwangu.

Njia ya pini inatakiwa ikavu kabisa, hata mafuta halali ya bunduki hayatiwi, kwani hukusanya vumbi na masizi. Bastola hii inataka mafuta kidogo sana: tone kwenye kila reli nne, tone pale mkono wa kifyatulio unapokutana na kijibati cha kuunganisha kilicho nyuma ya fremu, na kitambaa chenye unyevu wa mafuta juu ya mtutu. Tulisafisha njia zile kwa vijiti vya masikio na spiriti, bila kukwaruza mrija wa plastiki uliomo ndani, tukaziacha wazi mpaka zikakauka. Kizuizi cha pini na ukucha unaovuta ganda navyo tukavitoa, maana Koplo alisema kila tundu na alikuwa mkweli.

Nilibadilisha jambo jingine ambalo hakuna aliyelalamikia. Chuma cha nyuzi 18 kikifunguliwa kwenye hewa ya Pemba hutoa jasho mara moja, na jasho hilo ndilo mama wa kutu. Kasha likitoka bohari likae limefungwa nusu saa mpaka lizoee joto, ndipo lifunguliwe. Kiyoyozi nikakipandisha hadi 25.

Lakini usiku ule mmoja nilikirudisha 18 makusudi, zikalala humo zote tatu. Asubuhi tukarudi Vitongoji kabla ya saa moja, tukazitoa kwenye baridi na kupiga bila kungoja, magazini moja kila moja. Zikalia zote 45. Maganda yalitakiwa kurudi bohari kwa hesabu, na tuliyookota yalikuwa 44. Tulichambua majani na nyufa za mawe mpaka karibu na adhuhuri, ndipo Koplo alipoketi kufungua kiatu, na la 45 likadondoka kutoka kwenye upindo wa suruali yake.