Kujitolea kwa Masista Uganda Kati ya Juni na Agosti: Ufike Lini, Ufanye Nini

Anayeulizia nafasi za kujitolea kwa masista "wakati wa kiangazi" mara nyingi ana kalenda ya Ulaya kichwani. Huku kwetu Juni na Julai ni muhula wa pili. Watoto wako darasani, na shule hufungwa Agosti ikielekea ukingoni. Ukija Julai ukitegemea kucheza mpira na watoto mchana kutwa, utakuta uwanja mtupu na Sista yuko sokoni anabishania bei ya gunia la maharage. Basi mfuate huko sokoni. Kazi inayohitaji mikono miezi hiyo ni ile ya familia: mama aliyebaki peke yake, jajja (bibi) anayelea wajukuu watano, kijana wa miaka kumi na saba aliyegeuka baba wa wadogo zake.

Wiki ya mwisho ya Mei na ya kwanza ya Juni ziache, isipokuwa unakuja kwa ajili ya mahujaji wenyewe. Sikukuu ya Mashahidi wa Uganda huadhimishwa Namugongo tarehe 3 Juni, na watu hutembea kwa miguu kutoka kila pembe ya nchi, wengine kutoka Kenya na Tanzania. Nyumba za masista zilizo njiani hujaa mpaka barazani. Mgeni mpya siku hizo hapati kitanda wala mtu wa kumwelekeza. Fika baada ya tarehe 10. Uliza pia mapema masista wana mafungo lini, maana wiki hiyo nyumba hukaa kimya na hakuna atakayekutuma popote. Karamoja, kaskazini mashariki mwa nchi, ina kalenda yake: njaa hubana kuanzia Aprili hivi hadi Julai, kabla ya mavuno, kwa hiyo anayekwenda huko asisubiri Agosti. Upande wa Buganda, Julai mahindi na maharage mapya yako sokoni, na ndio wakati wa kumsaidia Sista kununua, kukausha na kuhifadhi akiba ya nyumba.

Mashirika ya masista ni mengi na hayafanani. Bannabikira, walioanza mwaka 1910, makao yao ni Bwanda, Masaka. Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, walioanzishwa na Mama Kevin mwaka 1923, makao yao ni Nkokonjeru. Nalukolongo, Kampala, kuna nyumba ya Bakateyamba, iliyoanzishwa na Kardinali Nsubuga mwaka 1978 kwa ajili ya wazee na walemavu wasio na mtu. Papa Fransisko aliitembelea Novemba 2015. Gulu kuna kituo cha ushonaji cha Mtakatifu Monika, ambako Sista Rosemary Nyirumbe aliwapokea wasichana walioharibiwa maisha na vita. Chagua kwa kazi, usichague kwa jina. Fundi cherehani akipelekwa kuogesha wazee atafanya, ila cherehani mbovu kumi kule kwingine zitaendelea kulala.

Andika barua mwezi wa Januari au Februari. Ukurasa mmoja unatosha: wewe nani, unajua kufanya nini kwa mikono, unakuja tarehe ngapi na kuondoka tarehe ngapi, utalipia vipi chakula chako. "Niko tayari kufanya lolote" ni sentensi inayochosha. Mama Mkuu hajui akupeleke wapi. Afadhali useme "naweza kutunza vitabu vya hesabu" au "najua kurekebisha mabomba". Ambatanisha barua ya paroko wako, ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) kama uko Uganda, na cheti cha polisi cha tabia njema. Nyumba isiyokuomba cheti hicho huku ina watoto, hiyo iogope. Mkenya na Mnyarwanda wanavuka mpaka kwa kitambulisho cha taifa. Wengine wabebe hati ya kusafiria. Anayetoka nje ya Afrika Mashariki asiingie kwa viza ya utalii kisha akafanya kazi. Sista ndiye atakayebaki akijibu maswali ya uhamiaji. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano usiisahau nyumbani. Na kama unaelekea kambi za wakimbizi kama Bidi Bidi, kibali hutoka Ofisi ya Waziri Mkuu. Barua ya parokia peke yake haikufikishi ndani.

Chini ya wiki nne usije. Wiki ya kwanza unajifunza njia, ya pili watu wanajifunza uso wako.

Sasa kazi yenyewe. Asubuhi nyingi utatembea na Sista nyumba kwa nyumba, pamoja na mhudumu wa afya wa kijiji, yule wa VHT. Utapewa daftari na pengine utepe wa kupima mkono wa mtoto. Utepe ni wa watoto wa miezi 6 hadi 59. Hupimwa mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko, mkono ukiwa umening'inia umelegea. Kijani ni sentimita 12.5 na zaidi, njano ni kati ya 11.5 na 12.5, nyekundu ni chini ya 11.5. Wageni hukosea kwa kukaza: ngozi ikikunjamana, umeupata wekundu usiokuwepo na umemtia mama hofu bure. Kosa baya zaidi ni kuamini utepe peke yake. Bonyeza kwa dole gumba upande wa juu wa nyayo zote mbili, uhesabu sekunde tatu. Shimo likibaki kwenye miguu yote miwili, mtoto huyo anakwenda kituo cha afya leo, hata kama utepe umesema kijani. Maji mwilini huficha wembamba.

Kwa wale wa njano, masista wengi hufundisha kitobero, chakula kilichoenezwa na kitengo cha lishe cha Mwanamugimu pale hospitali ya Mulago, Kampala. Ni mchanganyiko wa matoke au viazi, maharage au karanga, mukene (dagaa wetu) na majani ya dodo (aina ya mchicha), vyote pamoja ndani ya jani la mgomba, vikaiva kwa mvuke. Maharage yalowekwe usiku kucha na kutolewa maganda, la sivyo mtoto atajaa gesi na mama hatarudia. Mukene utwangwe na kuchekechwa. Uliokaushwa juu ya mchanga ni chakula cha kuku. Onja kidogo kabla ya kununua, ukisikia mchanga kwenye meno uache hapo hapo. Halafu pika kwa vitu vilivyo kwenye bustani ya mama huyo, kwenye sufuria yake, juu ya mafiga yake. Ukileta unga wa maziwa kutoka mjini umemfundisha kukungoja wewe.

Alasiri huwa ni vikundi vya akina mama. Sabuni ya maji inapendwa kwa sababu mtaji unarudi haraka. Kilo 1 ya ungaroli (malighafi nzito inayotoa povu), chumvi, maji safi lita 20, rangi na manukato. Koroga ungaroli kwanza mpaka igeuke nyeupe, ndipo uongeze maji kidogo kidogo. Chumvi iyeyushwe pembeni na kutiwa taratibu, kuanzia nusu kilo, bila kuzidi kilo moja. Chumvi ndiyo huifanya sabuni iwe nzito, lakini ukipitisha kiasi inarudi kuwa maji. Kikundi kinapoharibu ndoo ya kwanza, mara nyingi ni kwa sababu mtu aliona bado nyepesi akaongeza chumvi bila kusubiri. Funika, acha povu litue mpaka kesho yake, kisha ndipo uamue.

Kiswahili kitakufaa, ila kwa kiasi. Baraza la Mawaziri lilikikubali kuwa lugha rasmi mwaka 2022, na Gulu, Arua na miji ya mpakani utaelewana na wengi. Vijijini Buganda kuna wazee wanaokihusisha na askari wa zamani, na huwezi kuwalaumu. Jifunze "Mwasuze mutya, nnyabo" (mmeamkaje, mama) kabla ya kupanda basi. Salamu iishe yote, ndipo daftari lifunguliwe.

Kuhusu makao ya watoto tuseme wazi. Kumbeba mtoto wiki tano halafu ukapotea ni kumfanya aachwe mara ya pili. Masista wanaoijua kazi hii wanawapeleka wageni jikoni, stoo, bustanini na kwa ndugu wa mtoto anayeandaliwa kurudi nyumbani, huku wakimwachia mlezi wa kudumu kazi ya kumlaza. Usikasirike ukiambiwa hivyo. Picha za watoto usipige; sheria ya mwaka 2019 ya kulinda taarifa za watu inahusika, na hata isingekuwepo, umaskini wa mtu si mali yako ya kuposti. Ukiona mtoto anateswa mwambie Sista, na namba ya bure ya Sauti, huduma ya simu ya kulinda watoto, ni 116.

Fedha usimpe mtu mkononi. Kesho yake mlangoni kutakuwa na foleni, na wewe ukishapanda ndege ni Sista atakayelaumiwa kwa ahadi yako. Toa kwa nyumba, uandikiwe risiti. Mitumba na dawa zilizobaki kabatini kwako ziache huko huko. Beba gambuti, tochi, chandarua, sketi inayopita magoti. Wanaume kwa kawaida hulala parokiani au nyumba ya wageni, si konventini. Sala ya asubuhi huwa kabla ya saa moja, na baada ya sala ya usiku ni ukimya. Asiye Mkatoliki halazimishwi kusali, ila ukimya ni wa wote. Homa ikikupata, pima malaria siku hiyo hiyo. Koatemu, dawa ya malaria, hunywewa mara mbili kwa siku kwa siku tatu, pamoja na chakula chenye mafuta, na humalizwa hata kama siku ya pili umeshapata nguvu.

Siku tatu kabla ya kuondoka usianze kitu kipya. Kaa na Sista mpitie daftari jina kwa jina: nani apimwe tena tarehe ngapi, kikundi gani kinadai ndoo, ungaroli imebaki kilo ngapi, nani ana ufunguo wa stoo. Andika kwa herufi zinazosomeka, uache daftari mezani kwake.