Tai chi ya Shangani, na mama anayesema nimeikosea sindimba

Mi nilianza tai chi, yale mazoezi ya Kichina ya kusogea polepole, kwa sababu ya goti jamani, kupigana sikuwa na habari nako. Goti la kushoto. Msimu wa korosho uliopita nilikuwa napanga magunia ghalani toka asubuhi mpaka jua linazama, siku moja nikasikia kitu kinakwaruza humo ndani, basi kuanzia hapo kushuka ngazi mtihani, choo cha kuchuchumaa ndo usiseme kabisa. Nikawa mteja wa vidonge vya maumivu mpaka dada wa duka la dawa akiniona tu anaanza kunikatia, sijafungua hata mdomo.

Af mshkaji akanirushia video ya wazee wa Kichina wako bustanini wanasogea taratiiibu kama wanatembea ndani ya maji. Nikacheka. Usiku nikafunga mlango nikajaribu, dakika tano tu mapaja yanatetemeka utadhani nimepanda Newala kwa miguu na ndoo kichwani. Kumbe ukienda haraka mwili unakudanganya, unarusha mguu kasi inakubeba, ila ukienda polepole hamna pa kujificha, lazima ujue uzito wako wote uko mguu gani sasa hivi, na mimi kumbe miaka yote nilikuwa sijui.

Ninayofanya ni ile ya miondoko 24, Wachina waliifupisha mwaka 1956 ili mtu wa kawaida aiweze, ukiizoea ni dakika tano au sita. Saa kumi na mbili asubuhi niko Shangani ufukweni, hapa Mtwara, maji yakiwa yamekupwa mchanga unakuwa mgumu vizuri. Wiki ya kwanza wavuvi walidhani nimepandisha mashetani, watoto wakaanza kuniita Jackie Chan, sasa hivi hawageuki hata kuangalia.

Kuhusu goti niseme. Mwaka 2016 Wamarekani walitoa utafiti wa watu 204 wenye magoti yaliyolika, wengine wakapewa tai chi wengine mazoezi ya viungo ya hospitali, baada ya wiki 12 nafuu ikawa inalingana. Langu lilichukua kama miezi mitatu. Ila na mimi nililiumiza kwanza, maana nilikuwa nageuza goti huku uzito wote uko juu yake, usifanye hivyo, goti lielekee vidole vinakoelekea na lisivuke vidole, na kama huwezi kushuka chini basi simama juu juu, hakuna anayekudai.

Sasa kujilinda. Watu wanasahau kwamba hii ni ngumi, jina lenyewe zima ni taijiquan na hilo quan maana yake ni ngumi. Imetoka kijiji cha Chenjiagou huko Henan, kwa ukoo wa Chen, akaenda kujifunza bwana mmoja Yang Luchan ambaye baadaye akafundisha Beijing karne ya 19, na mjukuu wake Yang Chengfu ndo aliyeieneza hii ya polepole yenye mikono mipana. Mpwa wangu wa bodaboda, kifua kama mlango, akaniambia, "Mjomba, kibaka akikujia utamchezea hiyo?" Nikamwambia nisukume. Nikaenda chini mchangani, alicheka mpaka akakaa.

Mwezi wa tano wa mazoezi tukarudia. Kuna mwondoko unaitwa kumshika shomoro mkia, ndani yake kuna kupokea, kuvuta, kubana na kusukuma. Akaja na mikono miwili, mi sikumzuia, niliweka mkono juu ya wake, nikakaa mguu wa nyuma, nikageuza kiuno, nguvu zake zikapita pembeni na yeye mwenyewe akazifuata, pwaa, magoti chini. Akanyamaza kidogo af akasema, "Mjomba, tena."

Ila nisidanganye mtu. Kibaka mwenye panga mpe simu, ondoka. Miezi mitano ya kusukumana na mpwa wako anayekupenda haikufanyi kuwa askari. Kilichonisaidia kweli ni siku ile pale Feri, soko la samaki, sakafu ina maji ya samaki, mguu ukateleza na nina ndoo mkononi, mwili ukahamia mguu mwingine wenyewe kabla sijafikiri. Zamani ningelala pale pale na samaki wangu.

Mama yangu ndo mkorofi. Ujana wake alikuwa mchezaji wa sindimba haswa, ile ngoma ya Wamakonde ya kukata kiuno, juzi kakaa barazani ananiangalia nafanya ile ya mikono kama mawingu, akaniambia, "Hiyo si sindimba imelala? Magoti umekunja, kiuno kinaongoza, ila wewe kiuno kimekufa, unazungusha mikono tu." Nikajitetea. Akasema, "Na mguu wa kushoto unaudanganya, unaukanyaga kama deni."

Nikaangalia chini. Kweli, kisigino hakijagusa.